Jinsi ya Kuchora Mstari wa Nyakati wa Hekaya za Ugiriki

Andaa karatasi ya manila, rula ndefu, penseli na kifutio. Wino uje mwisho kabisa, maana utafuta sana.

Piga mstari wa sentimita 60. Usianzie kushoto na Chaos (utupu wa mwanzo) na miungu ya mwanzo. Ukifika kwa mashujaa karatasi itakuwa imekwisha. Anzia Troy, mji ambao Wagiriki waliuteka vitani. Tia nukta kwenye sentimita 50, andika "Troy yaanguka". Eratosthenes wa Alexandria, mtaalamu wa kale, alipiga hesabu akapata 1184 KK, lakini maandishi ya jiwe la Paros (orodha ya kale ya miaka) yanatoa 1209 KK. Kwa hiyo mwaka uandike kwa penseli, pembeni. Kipimo chetu si mwaka, ni kizazi: sentimita 4 kwa kila baba na mwana.

Sasa rudi nyuma. Achilles, shujaa aliyepigana Troy, yuko 50, basi baba yake Peleus yuko 46. Peleus alisafiri na Argo, merikebu ya mashujaa, kwa hiyo merikebu hiyo nayo iko 46. Shujaa Heracles pia, kwani mwanawe Tlepolemus alipigana Troy. Mama yake Heracles, Alcmene, yuko 42, Electryon 38, Perseus 34. Upande wa ukoo wa kifalme wa mji wa Thebes, kutoka mwana kwenda baba: Polynices 46, Oedipus 42, Laius 38, Labdacus 34, Polydorus 30, Cadmus 26. Umeona? Perseus na Labdacus wamelingana, na hukuhitaji tarehe hata moja.

Hapa ndipo wengi hukwama: Theseus, shujaa wa Athens. Baadhi ya orodha humpandisha Argo. Lakini Medea, mchawi, aliletwa Ugiriki na Argo hiyohiyo, kisha akiwa mke wa Aegeus, mfalme wa Athens, alitaka kumnywesha sumu Theseus, ambaye ndiyo kwanza anaingia Athens. Visa hivyo viwili havikai pamoja. Mweke 47, tia alama ya kuuliza, songa mbele.

Sentimita 0 hadi 20 ni za miungu. Chora mstari wa mawimbi badala ya ulionyooka, kuonyesha kwamba hapo hakuna kipimo. Weka tawala tatu tu: Uranus, Cronus, Zeus. Kati ya mbili za mwisho andika vita vya Watitani (miungu wa kizazi cha Cronus), miaka 10. Kati ya 20 na 26 weka Pandora, mwanamke wa kwanza, na gharika ya Deucalion. Prometheus, Mtitani aliyefungwa na Zeus, usimpe nukta. Hafi, na Heracles ndiye aliyemfungua minyororo, kwa hiyo mvutie mshale kutoka enzi ya Zeus mpaka 46.

Enzi tano za wanadamu alizozitaja mshairi Hesiod zichore kwenye ukanda mwingine wa karatasi, chini ya mstari: dhahabu (chini ya Cronus), fedha, shaba, mashujaa, chuma. Usiugundishe. Hesiod anasema watu wa shaba waliuana wenyewe kwa wenyewe. Apollodorus, mwandishi mwingine wa kale, anasema gharika ndiyo iliyowamaliza. Ukanda unaosogea unakuruhusu kuonyesha yote mawili. Na hiyo shaba si Enzi ya Shaba ya wanaakiolojia, usizichanganye.

Enzi ya mashujaa iishie Thebes na Troy. Kwenye sentimita 60 andika "Wazao wa Heracles warudi": mwanahistoria Thucydides anaweka miaka 80 baada ya Troy, na kwa kuwa mwenzake Herodotus huhesabu vizazi vitatu kuwa miaka 100, hiyo ni karibu sentimita 10. Kuanzia hapo paka rangi ya chuma, kisha chukua wino.