Zamu 25 za Mwanzo

Waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea, na nawaona wawili kule nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitalisema hili mpaka watengenezaji wa michezo ya vita wanikimbie: aliyetangulia kidogo mwanzoni asiachwe anenepe bila gharama.

Mchezo wa vita wa kwenye kivinjari una utamu wake, sibishi. Hupakui kitu, unafungua ukurasa, vita vimeanza. Chukueni generals.io. Una jenerali mmoja kwenye ramani ya miraba, anakuzalishia askari mmoja kila zamu. Ukimkamata jenerali wa mwenzako, huyo kwisha habari yake, na ardhi yake ni yako. Ukungu umefunika kila kitu isipokuwa miraba inayopakana na yako, kwa hiyo rangi nyekundu ikichungulia pembeni, moyo unaruka. Mtoto anauelewa kwa dakika mbili, na mtu mzima anaahirisha usingizi.

Sasa njooni kwenye ugonjwa wenyewe. Kila baada ya zamu 25, kila mraba unaoumiliki unaongezewa askari mmoja. Mnaona haki hapo? Hesabuni nami. Mwekundu amefika zamu ya 25 na miraba 25. Buluu alirudia njia alizokwishapita, akapoteza hatua chache, anayo 20. Tuseme kila askari wa nyongeza anakwenda kufungua mraba mpya. Ramani ya kweli haina nafasi yote hiyo, mtanivumilia. Mwekundu: 50, 100, 200. Buluu: 40, 80, 160. Pengo lilikuwa miraba 5, sasa ni 40, na Buluu hajafanya kosa la pili!

Najua kuna mtu anataka kuniambia uwiano haukubadilika, bado ni tano kwa nne. Kweli kabisa. Lakini vita vya mchezo huu havijui uwiano, vinajua kutoa. Askari 50 wakivamia 40, wanabaki 10. Kinachokuua ni pengo, na pengo ndilo linalonenepa.

Wengine wanasema tatizo ni mapigano, yarekebishwe. Hapana, jamani! Mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, alionyesha mwaka 1916 kwamba kwa silaha zinazopiga kutoka mbali, nguvu ya jeshi hupimwa kwa idadi yake katika kipeo cha pili: 5 wakipambana na 4 wa ubora uleule mpaka mwisho, wanabaki 3. Katika mchezo wetu angebaki 1. Yaani mapigano yetu yana huruma kuliko vita vyenyewe! Msiyaguse. Guseni ukuaji.

"Si mwenye ujuzi anastahili kushinda?" Anastahili, nani kakataa? Ninachokataa ni kukalishwa kwenye mechi iliyokwisha. Juzi nilikaa robo saa nikisubiri kuzikwa. Nilijua nimekufa, aliyeniua alijua, ila alikuwa bado ananitafuta ukunguni. Wachezaji wa Go, ule mchezo wa ubao wa watu wawili, nao waliona anayeanza anapendelewa, wakampa wa pili pointi za fidia. Japani leo ni 6.5. Lakini fidia ya namna hiyo hutibu mwanzo tu. Riba inayozaa riba haitibiki kwa zawadi ya mara moja.

Dawa ninayoipenda ni matunzo: ukubwa uwe na gharama. Travian, mchezo wa Kijerumani wa mwaka 2004, unao mfano mzuri. Askari wanakula nafaka, na ghala likikauka wanaanza kufa kwa njaa. Mkubwa anabaki mkubwa, ila halali fofofo. Na mbona anayetengeneza mchezo mwepesi anaogopa kuongeza sheria moja? Moja tu!

Haraka haraka, mechi za watu wengi. Tunasema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Huku nyasi ndiyo inayowala tembo: wawili wakimalizana, wa tatu aliyekaa kimya anaokota vyote. Matokeo yake kila mtu anajikunyata kwake, na mchezo wa vita unakosa vita.

Nilitaka kugusa na wale wanaofungua madirisha mawili wakacheza kama watu wawili, lakini naonyeshwa saa. Basi. Ndugu yangu wa kule nyuma, umeacha kucheka. Ulikuwa Buluu, siyo?