Pesa za kujenga Pemba nazitoa wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo niko jikoni, maana wenzangu wamelala, wametoka kazini alfajiri. Tangu niwaonyeshe msingi wa nyumba ninayoijenga Wawi, karibu na Chake Chake, swali ni lile lile: "Dada, pesa umezipata wapi, na sisi tuanzie wapi?" Najua wapo watakaosema najionyesha, na wapo watakaosema nalia njaa na huku niko Uingereza. Mie naeleza yangu tu. Mshahara wangu si wako, na wanaonitegemea si wanaokutegemea wewe.

Mkopo sina hata wa shilingi moja. Si kwamba sikuuliza. Benki nilizoziendea hapa Coventry hazitaki kusikia nyumba iliyoko Pemba. Wanataka dhamana watakayoweza kuiuza wenyewe. Mkopo wa mtu binafsi wangenipa, lakini una riba, na riba mie siitaki. Nikajaribu nyumbani, benki moja yenye murabaha: wao wananunua vifaa vya ujenzi, wanakuuzia kwa faida mliyokubaliana, unalipa kidogo kidogo. Mpango mzuri. Wakataka hati ya uwakala ili mama atie saini kwa niaba yangu. Nikapanda treni hadi ubalozini London, siku ya kazi ikapotea, nikaituma kwa posta ya haraka. Ikarudishwa: pasipoti ina majina matatu, karatasi ya mshahara ina mawili. Nikala kiapo cha majina, nikatuma tena. Mara hii wakasema hati ya uwakala imekaa sana, niandike nyengine. Wallahi nililia ndani ya basi, na sare ya kazi mwilini.

Basi nikarudi kwenye akiba na mchezo, yaani upatu wa kupokezana pesa. Tuko watu 10, kila mmoja paundi 200 kwa mwezi. Zamu yangu ilikuwa ya 7, nikashika 2,000, zote zikaingia kwenye msingi.

Na lengo nililiandika kwenye daftari, hili hapa, mnaliona: nyumba moja, milango miwili, kila mlango na mpangaji wake, ya kupangisha walimu na wauguzi wanaohamishiwa Chake Chake kutoka Unguja. Kodi ya mlango mmoja ni ya mama, dawa na matumizi. Ya mlango wa pili ni ya kuitunza nyumba yenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa natuma tu, mwezi huu matofali, mwezi ujao nondo. Nondo zikanyeshewa masika mbili, zikaota kutu. Sasa fundi haitwi mpaka pesa ya hatua nzima itimie: msingi, halafu kuta hadi lenta, halafu paa.

Lakini kiwanja, jamani. Kwetu ardhi ni mali ya umma, na sheria ya 1992 ndiyo inayotupa Wazanzibari haki ya kuitumia. Hiyo haki ndiyo unayoinunua. Saini ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, peke yake haikupi. Uhaulishaji, yaani kuihamisha haki hiyo kutoka mtu mmoja hadi mwengine, una Bodi yake, na hati inatoka kwenye mamlaka ya ardhi. Mie sikulijua hilo. Kiwanja cha kwanza alinisimamia ami yangu, akanitumia picha ya karatasi yenye muhuri, nikafurahi. Kumbe ni shamba la mirathi: warithi watano, waliokubali wawili. Paundi 1,800 zimekwenda. Ami hakula hata senti, aliamini neno la mtu. Ila kwenye msiba wa bibi alinipa mkono bila kunitazama usoni, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Mlioshika pasipoti ya Uingereza, njia yangu haitawafaa. Mtu mzima Tanzania haimruhusu uraia pacha, kwa hiyo haki ile ya ardhi imeondoka na uraia. Kuna fleti za miradi, kama za kule Fumba, Unguja, chini ya sheria ya kondominiamu ya 2010, ya majengo ambayo kila fleti ina mwenyewe, lakini bei yake mie siifikii, na sijapita huko niwaeleze.

Kiwanja cha pili, cha Wawi, warithi wote walitia saini, nikapata karatasi zote. Wiki ya kwanza mama ananipigia: "Kuna mzee juu ya mnazi wako, anaangua nazi." Nikamwambia mwite sheha. Sheha akaja, akamsikiliza mzee, akasema ana haki. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwengine, na sisi tuliandikiana ardhi tu. Minazi mitatu! Tukapatana bei, karatasi ikaandikwa pale pale barazani, mama akatia saini, mzee akaweka dole gumba. Akachukua nazi zake za mwisho, nne akamwachia mama.