Huo mto chini ya goti utoeni

Shikamooni wazee. Vijana wa boda mambo vipi, naona pikipiki mmepaki mpaka geti halifunguki, sawa tu, lakini kusema ukweli leo nataka niongee zaidi na wale akina mama waliokaa nyuma kule, maana nyie mkivunjika mguu mtalala, wao ndo watakaowauguza.

Mi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, miaka 22 sasa nafundisha watu kutembea upya. Afu mwaka juzi, mvua za mwezi wa nne, boda ikateleza na mimi kwenye mteremko wa Kibosho, muundi ukavunjika, nikapasuliwa, nikawekewa chuma ndani ya mfupa kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Siku ya nne nikarudishwa nyumbani kwa bajaji, nimekaa kimshazari siti yote ya nyuma mguu umenyooka, kila tuta nalihesabu. Hapo ndo nikagundua zile karatasi nilizokuwa nawapa watu, "mazoezi mara 3 kwa siku, asante", nilikuwa naandika kama mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye nyumba ya mtu.

Kilichoniumiza nyumbani ni upendo jamani. Mama mkwe, Mungu amweke, alinipokea na mtori, akanilaza, akakunja mto akausukuma chini ya goti, raha niliyoisikia siwezi kuwaambia, na mimi na utaalamu wangu wote nikanyamaza. Sasa goti likikaa limekunjwa hivo usiku na mchana, misuli ya nyuma inafupika na kiungo chenyewe kinakakamaa, wiki ya 3 nanyoosha mguu haufiki, umegoma, nimekuja kuutoa pale kwa machozi na wiki kibao za mazoezi. Kwahiyo huo mto utoeni. Mito ipangwe kuanzia kwenye shavu la mguu mpaka kisigino, mguu wote uwe juu kuliko moyo, goti limenyooka. Haina raha, najua, atalalamika, mwacheni alalamike.

Afu wageni. Sisi huku mtu akiumwa lazima watu waje kutoa pole, jumuiya itakuja, kikoba kitakuja, shangazi atashuka na ndizi mkungu mzima, na mgonjwa kwa adabu anatolewa sebuleni anakaa kwenye sofa mguu unaning'inia masaa 4 anasimulia ile ajali mara ya 30. Jioni mguu umevimba unang'aa, kidonda kinavuta, watu wanasema dawa za hospitali hazifanyi kazi. Dawa zinafanya kazi, ni sofa hiyo! Wageni waingie chumbani, au mleteeni kiti cha pili aweke mguu juu, hakuna mgeni atakayeona amedharauliwa.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukifikiria mpaka kikanipata ni choo. Chetu kiko nje, cha kuchuchumaa, na njia ni udongo ule wa kwetu mwekundu ukinyesha ni sabuni. Unajua nilifanya nini? Niliacha kunywa maji. Kimya kimya, ili nisisumbue watu usiku. Vile vidonge vikali vya maumivu vyenyewe vinafunga choo, ukichanganya na kutokunywa maji siku ya 6 nalia kwa tumbo, mguu nimeusahau kabisa. Nikaja kugundua wagonjwa wangu wengi walikuwa wanafanya hivohivo na hawasemi. Chukueni kiti cha mbao kizito, fundi akate tundu katikati, kikae juu ya shimo, usiku kikae chumbani na ndoo chini yake. Cha plastiki mi sikiamini, miguu yake inatanuka kwenye sakafu yenye maji. Fanyeni hiki kiti kabla hajatoka hospitali, sio baada.

Sasa kuchua. Kuna bibi jirani alikuja na maji ya moto na mafuta ya nyonyo, nia nzuri kabisa, nikamshika mkono nikamwambia bibi shikamoo lakini hapana. Mtu aliyepasuliwa mguu akalala muda mrefu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya shavu la mguu, ukiichua unaweza kuing'oa ikapanda mpaka kwenye mapafu na mtu anaondoka, hivi hivi, mnaambiwa alikuwa anaendelea vizuri. Shavu likivimba, likawa la moto na linauma ukiligusa, hospitali siku hiyohiyo. Akishindwa kupumua ghafla, kifua kinamchoma, msisubiri hata boda aje, tafuteni gari. Na kama yuko ndani ya piopi, ile plasta ngumu ya mfupa, vidole vimekuwa vya baridi au vya bluu, maumivu yanazidi hata vidonge haviyagusi, usiku wa manane ni saa ya kwenda, sio asubuhi.

Hiyo damu kuganda ndo sababu ya lile zoezi mnaloliona la kitoto, la kuvuta vidole kuja kwako na kusukuma kwenda mbele. Mi nilikuwa nalifanya kila redio ikipiga taarifa ya habari, mara 10, afu nakandamiza nyuma ya goti kwenye godoro nahesabu 5 naachia.

Chakula sina maneno mengi. Kongoro sio gundi ya mfupa, nyweni kama mnaipenda, lakini mayai, maharage, dagaa na maziwa vinafanya kazi ileile na bei mnaijua. Sigara inachelewesha mfupa kushika, hiyo ni kweli kabisa, na nyie wa boda nawaona. Muundi ngozi yake mbele iko juu ya mfupa moja kwa moja, damu haiji nyingi kama kwenye paja, kwahiyo miezi 4 mpaka 6 ni kawaida, mtu asikuone wiki ya 8 una magongo akakwambia umelogwa.

Kukanyagia sasa. Daktari aliniambia nikanyagie kilo 20. Ishirini ndo zikoje? Nikapelekwa stendi kwa yule kijana wa mzani wa kupima uzito, nikasimama na mguu mzima chini, ule mbovu nikauweka kwenye mzani, nakandamiza taratibu mshale unapanda, 10, 15, 20, basi, narudia mpaka mguu ukakariri. Kijana akanidai hela ya mtu mzima. Nikamwambia mbona umepima nusu mtu, watu wakacheka, lakini nililipa.

Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka magongo na mguu mbovu vinatangulia. Na kwenye magongo mtu haning'inii kwa kwapa, ule mshipa wa fahamu pale ukibanwa kiganja kinalegea kinaanguka, unakuwa na wagonjwa wawili kwa mtu mmoja. Uzito ni mikononi, kati ya gongo na kwapa vidole 2 au 3 vipite.

Mpaka leo misa ikifika pa kupiga magoti mi nakaa, goti mbele linachoma, chuma kilipita hapo. Padri ameshazoea.

Nimemuona kijana pale pembeni ana magongo marefu mpaka mabega yamepanda masikioni. Njoo baba, njoo mbele, na nani ana spana namba 10 kwenye pikipiki yake, tuyashushe sasa hivi wote waone. Na huo mpira wa chini umeisha, umeona, unatembelea chuma kitupu kwenye taizi.