Ushuru wa pesa za Marekani: hesabuni shilingi zinazofika

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Amu, Langoni hadi Mkomani, na nyinyi wa Shela na Matondoni. Leo ni habari ya pesa. Tangu Januari 1, 2026 Marekani inatoza ushuru wa asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje, lakini anayewaambia kwamba kila dola inakatwa, amekosea.

Sheria hiyo Rais Trump aliitia saini Julai 4, 2025. Bungeni ilianza ikiwa asilimia 5 na ikimlenga asiye raia. Ikashuka hadi 3.5, ikaishia 1, na sasa raia na mgeni ni sawa. Kinachoamua ni namna mtumaji anavyolipa. Akienda duka la kutuma pesa na noti, au hawala ya posta (money order), au hundi inayoandikwa na benki yenyewe, anakatwa. Pesa zikitoka kwenye akaunti yake ya benki ya Marekani, au akilipa kwa kadi iliyotolewa huko, hakatwi hata senti.

Kwa hiyo anayeumia ni yule anayelipwa mkononi: anayeosha vyombo mkahawani, anayelea watoto wa watu. Wengi wao hawana nambari ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), wakadhani benki haiwahusu. Zipo benki zinazofungua akaunti kwa pasipoti na nambari ya mlipakodi iitwayo ITIN, inayoombwa kwa fomu W-7. Ila hofu yao ina msingi. Aprili 2025 idara ya kodi iliingia makubaliano ya kuwapa maafisa wa uhamiaji taarifa za walipakodi, na kesi zikafika mahakamani. Asiye na makaratasi azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote. Linaniuma kwamba mzigo umemwangukia mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo tunapoliwa. Tuseme mjomba anatuma dola 300 kwa noti. Ushuru ni dola 3. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni shilingi 387. Duka hilo hilo likimbadilishia kwa 126, shilingi 900 zimekwenda, na risiti inaonyesha ada ni sifuri! Ushuru umeandikwa, watu wanaupigia kelele. Bei ya kubadilisha haisemwi, nayo imekula zaidi ya mara mbili. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 hugharimu wastani wa zaidi ya asilimia 6 duniani.

Basi msimuulize mtumaji ada ni ngapi. Muulizeni: zitaingia shilingi ngapi M-Pesa? Afungue programu mbili tatu za kutuma pesa saa ileile, aandike kiasi kilekile, alinganishe nambari ya mwisho tu. Na palipo na ada ya kila muamala, dola 300 kwa mkupuo mmoja ni nafuu kuliko 100 mara tatu.

Mwaka 2024 Kenya ilipokea karibu dola bilioni 4.9 kutoka ughaibuni, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Ndizo karo, ndizo mafuta ya boti.

Upande wenu, kosa kubwa ni jina. Laini imesajiliwa Fatuma, mtumaji ameandika Fatma. Au Athman kwa Athumani. Pesa zinaweza kukwama siku kadhaa. Mpeni majina yote, herufi kwa herufi, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Tena M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Fundi wa jahazi Matondoni akisubiri 600,000, zipitie benki.

Na hawala ya mtu kwa mtu? Marekani, kuiendesha bila leseni ni kosa la jinai la serikali kuu. Pesa zikipotea njiani, mtumaji hana risiti wala ofisi ya kupeleka malalamiko.