Miguu unayo, kundi ndilo hujalijua

Habari za jioni. Asanteni kwa kufika, vijana wa Jinja na wazazi mliowasindikiza.

Kila mara naulizwa, ninunue baiskeli gani? Nalijibu upesi. Nunua baiskeli ya mbio ya mtumba inayolingana na kimo chako. Ukikaa kitini, pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Breki zishike, mnyororo usiwe umelegea, na helmeti iwe mpya. Sheria za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, haziruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, kwa hiyo anayelalamika kwamba yake ni nzito, kwanza ajipime tumbo. (Kicheko)

Kinachowamaliza wanaoanza ni upepo. Kwenye tambarare, mkienda kilomita 40 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaliwa na hewa. Aliyejificha nyuma ya mwenzake anaokoa kama theluthi moja ya nguvu hizo, na katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Ndiyo maana kijana anayebeba matoke kwa baiskeli kila siku, mwenye mapaja ya chuma, anakuja kwenye mashindano na kuachwa na watu wembamba. Nguvu anazo, ila anazimwaga pembeni peke yake.

Basi jifunze kumfuata mtu. Anza na nusu mita nyuma yake, ukizoea usogee. Usikodolee macho gurudumu lake. Tazama mabega yake na barabara iliyo mbele yake. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma. Mkigusana, yeye atayumba tu, wewe ndiye utakayekula lami. Usishike breki ghafla. Ukiona shimo, na barabara zetu mnazijua, lionyeshe kwa kidole na upaze sauti. Zamu yako ya kuongoza ikifika, usiongeze mwendo kujionyesha. Kaa mbele kidogo, toka pembeni, rudi nyuma upumzike.

Haya hujifunzi peke yako. Tafuteni wenzenu watano sita, mtoke alfajiri kukishapambazuka, na barabara kuu ya Kampala muwaachie wenye malori.

Mwaka 2024 Charles Kagimu aliiwakilisha Uganda kwenye mbio za barabarani za Olimpiki, Paris, kilomita 273. Mwaka 2025 ubingwa wa dunia ukaja Kigali, hapo jirani, mara ya kwanza Afrika. Umbali wa namna hiyo hauendeki kwa ubabe.

Na mle! Mbio zikizidi saa moja na nusu, anza kula mapema, ndizi mbivu au mkate, kidogo kidogo. Ukingoja njaa ikubishie hodi, umechelewa.

Siku ya mashindano yako ya kwanza, yaelekea utaachwa. Usigeuze baiskeli. Nyuma yako wamo wengine walioachwa. Wasubiri, pokezaneni zamu, mmalize.

Sasa nani ana swali? Wewe mama pale nyuma, karibu.