Upele: Muwasho Unatoka Wapi?

Ndugu wauguzi, ndugu matabibu, habari za mchana.

Mgonjwa wa upele akifika kliniki humlaumu mdudu. Leo nataka tuutazame mwili wake mwenyewe, maana muwasho ule kwa sehemu kubwa ni kazi ya kinga yake.

Utitiri jike, yaani mdudu huyo wa upele, asiyezidi nusu milimita, huchimba njia kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, na humo hutaga. Hakuna mishipa ya damu huko, hivyo kinga huchelewa kumtambua. Huko Sheffield, Uingereza, miaka ya 1940, Kenneth Mellanby aliwaambukiza upele watu waliojitolea, waliokuwa wamekataa kwenda vitani. Karibu mwezi mzima ulipita kabla hawajaanza kuwashwa sawasawa. Waliopona wakaambukizwa tena walijikuna ndani ya siku moja, na safari hiyo utitiri walioweza kukaa walikuwa wachache. Kujikuna nako msikudharau: kunawang'oa.

Kata kipande cha ngozi hiyo, kiweke chini ya hadubini. Utaona majimaji yamepenya kati ya seli za ngozi ya juu, na chini yake, kando ya mishipa midogo ya damu, limfositi na eosinofili, yaani chembe nyeupe za damu, zimejazana. Mdudu mwenyewe huenda usimwone kabisa! Mgonjwa wa kawaida ana utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima.

Upele wa magamba, ulioelezwa nchini Norway mwaka 1848 kwa wagonjwa wa ukoma, ni habari nyingine. Hapo utitiri ni maelfu, hata mamilioni, ngozi imekuwa nene, magamba yamerundikana, na wagonjwa wengi hawajikuni sana. Tunaukuta kwa wenye VVU na kwa wazee dhaifu. Msiseme kinga imelala. Kingamwili za IgE, zile za mzio, ziko juu mno. Kinga inahangaika kweli, ila kwa namna isiyomuua mdudu.

Tena utitiri hutoa protini zinazozuia komplimenti, yaani protini za damu zinazosaidia kuua vijidudu, na bakteria aina ya streptokokasi hupata mwanya. Usaha mnaouona huanzia hapo, na baadhi ya watoto huishia na ugonjwa wa figo.

Baada ya dawa, muwasho waweza kuendelea wiki mbili hadi nne, kwa kuwa mizoga, mayai na kinyesi bado vimo ngozini. Kwa muwasho huo msimpake mgonjwa benzili benzoeti, dawa ya kuua utitiri, kila siku. Nayo huunguza ngozi ikawasha zaidi. Muwasho ukipita muda huo, au njia mpya zikionekana, ulizeni nani nyumbani hakutibiwa.