Tambiko la Jeju: mhadhara juu ya filamu ya Jiseul

Ndugu zangu, asanteni kwa kukaa mpaka taa zikawashwa. Najua haikuwa rahisi. Filamu haina rangi, haina nyota mnayemfahamu, na wahusika wake wanazungumza lahaja ya kisiwa cha Jeju, ambayo hata Mkorea wa Seoul aliwekewa maandishi chini ya picha ili aifuate. Kwa sisi tuliozoea tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili, zile za wafalme na mapanga au za mtoto wa tajiri na binti wa mama lishe, hii ni Korea nyingine kabisa.

Nianze na historia ya mauaji ya Jeju, maana mwongozaji, O Muel, hakusumbuka sana kuieleza. Yeye ni mzaliwa wa Jeju na hadithi hii kakua nayo.

Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, Korea ilikatwa vipande viwili. Wasovieti walishika kaskazini, Wamarekani kusini. Jeju ni kisiwa kilicho kusini ya kusini, kwa hiyo kikawa chini ya serikali ya kijeshi ya Marekani. Machi 1, 1947, polisi waliufyatulia umati risasi na watu 6 wakafa. Kisiwa kikagoma, mpaka watumishi wa serikali nao wakagoma. Badala ya kuomba radhi, wakubwa wakaleta polisi kutoka bara, pamoja na genge la vijana waliokimbia kutoka kaskazini wakiwa na chuki kali dhidi ya wakomunisti. Watu wakakamatwa na kuteswa. Alfajiri ya Aprili 3, 1948, waasi wapatao 350 walivamia vituo vya polisi, wakipinga pia uchaguzi wa Mei 10 uliokuwa wa upande wa kusini peke yake.

Waasi 350, kwenye kisiwa cha watu karibu 300,000. Ziwekeni akilini namba hizo mbili, kwa sababu hadi vurugu zinakwisha mwaka 1954 waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 25,000 na 30,000.

Ilikuwaje? Oktoba 17, 1948, kamanda wa kikosi cha jeshi kisiwani, Song Yo-chan, alitangaza kwamba yeyote atakayeonekana zaidi ya kilomita 5 kutoka pwani atahesabiwa mwasi na atapigwa risasi. Katikati ya Jeju umesimama mlima Hallasan, na miteremko yake ilijaa vijiji vya wakulima na wafugaji. Hakuna aliyeulizwa anamfuata nani. Siasa yako ilipimwa kwa umbali wa nyumba yako na bahari. Mwezi uliofuata ikatangazwa sheria ya kijeshi, na vijiji vya juu vikaanza kuchomwa moto.

Hapo ndipo filamu inapoanzia. Kumbukeni tukio la shimo. Wanaume wa kijiji wamejibana humo, mwingine anakuja, anasukumwa aingie, wanagombana nani kajaza nafasi. Ukumbini hapa mlicheka, na mlipaswa kucheka. Hawajui kwa nini wanajificha. Wanadhani ni mambo ya siku mbili tatu, halafu watarudi nyumbani. Mzee mmoja kila saa anamwaza nguruwe wake: nani atamlisha? Baadaye wanahamia pangoni, watu wamekaa gizani, mauti yako nje, naye bado yuko kwenye nguruwe. Kwangu mimi huyo mzee anaeleza vita vya itikadi kuliko hotuba yoyote, kwa sababu nguruwe wake hana chama.

Sasa tuje kwenye viazi, maana ndilo jina la filamu: jiseul, kwa kinyumbani cha Jeju, ni viazi mviringo. Mama yake Mu-dong, kijana mmoja wa kijijini, miguu inamuuma, anakataa kwenda pangoni. Mwanawe anambembeleza, anashindwa, anaondoka na wengine. Baadaye anarudi kumchukua. Nyumba imeungua, mama ameuawa, na viazi alivyokuwa amevihifadhi viko pale pale alipolala. Mu-dong anavikusanya, anavipeleka pangoni. Wenzake wanakula. Sisi tulioko kwenye viti tunajua vimetoka wapi. Wao hawajui, na kijana hawaambii. Kamera haimkimbilii usoni kutafuta machozi, na namshukuru sana mwongozaji kwa hilo.

Mliona filamu imegawanywa sehemu nne, kila moja na kichwa chake. Ni hatua za tambiko la Kikorea la kuwakumbuka marehemu: kuwaita, kuwapa mahali pa kukaa, kula chakula kilichotengwa kwa ajili yao, na mwisho kuchoma karatasi. Ndiyo maana wale waliolala wamekufa mwishoni wanashukiwa na karatasi zinazowaka, mmoja baada ya mwingine. Na ndiyo maana viazi vile si chakula cha njaa tu.

Kwa nini tambiko? Kwa sababu watu wa Jeju walinyimwa matanga. Kwa miongo mingi kulitaja jambo hili ilikuwa kosa. Mtoto wa aliyeuawa alionekana mwana wa mkomunisti, akafungiwa milango ya kazi serikalini. Mwandishi Hyun Ki-young alipochapisha hadithi juu ya mauaji hayo mwaka 1978, alikamatwa akateswa. Sheria maalumu ya kutafuta ukweli ilipatikana mwaka 2000, na Oktoba 2003 Rais Roh Moo-hyun akaenda Jeju kuomba radhi kwa niaba ya dola. Filamu ilimalizika mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo kuu ya filamu za kigeni kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani.

Sasa niseme nisichokipenda. Yule sajini wa jeshi aliyelewa ukatili ni mwovu kupita kiasi. Mtazamaji anapumua akimwona, anasema kumbe ni wazimu wa mtu mmoja. Lakini vijiji zaidi ya mia havichomwi na wazimu wa mtu mmoja. Vinachomwa kwa amri yenye saini. Mwanajeshi kijana aliyekataa kuua, akaadhibiwa kwa kusimamishwa uchi kwenye theluji, ananishawishi zaidi, na ningependa tungekaa naye muda mrefu kuliko tuliokaa na sajini. La pili: waasi hawaonekani kabisa. Uchunguzi wa serikali uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba wengi sana waliuawa na vyombo vya dola, lakini wapo raia waliouawa na waasi pia. Naelewa kwa nini O Muel aliwaacha, anataka macho yetu yabaki pangoni. Ila mwenye ndugu aliyeuawa na upande ule mwingine naye ana marehemu wa kuitwa.

Jambo la mwisho, kwa sababu wengi mmenidokeza kuniuliza kama ni hadithi ya kweli. Pango lipo. Linaitwa Keunneolgwe, liko Donggwang, na watu kama 120 walijificha humo majira ya baridi ya 1948. Kule kuchoma pilipili ili moshi uwazuie askari mlangoni ni jambo linalosimuliwa huko huko. Walipogundulika walikimbilia Hallasan, wakakamatwa kwenye theluji, na wengi wakauawa karibu na maporomoko ya Jeongbang, Seogwipo, mahali ambapo leo watalii hupiga picha. Miili haikupatikana. Jamaa zao walichimba makaburi hivyo hivyo, bila maiti, na bado yapo kijijini.

Tuna kama nusu saa. Kule nyuma nimeona mkono, dada yangu, karibu kipaza sauti.